Sweta ya Kahawia

Koti lilirudi Jumatatu saa nne asubuhi, na mwenye koti hakupiga hodi mara tatu kama wateja wengine. Alipiga moja, akaingia, akalitandaza juu ya meza ya kazi, mkono wa kushoto ukiwa juu, akanyoosha kidole.

"Mama, naomba uniambie wewe mwenyewe. Hii ni nini?"

Mama Kadi alishusha miwani yake kutoka kwenye nywele, akainama. Lilikuwa koti la sufu la bluu iliyokolea, lile wauguzi wanalolivaa juu ya sare nyeupe. Wiki iliyopita lilikuja na tundu la kuungua kwenye kiwiko, kubwa kama kitufe, naye alilitililia kwa siku mbili, uzi juu, uzi chini, mpaka tundu likafungana. Alipitisha kidole gumba hapo na hakusikia hata kivimbe. Hakuwa mtu wa kujisifu bila sababu, lakini hapa sababu ilikuwepo.

"Hii ni kazi nzuri," alisema.

"Ni zambarau," alisema muuguzi. "Koti la bluu, kiwiko cha zambarau. Juzi mkuu wetu wa zamu alinisimamisha katikati ya wodi akaniambia nilivue. Mbele ya wagonjwa, mama. Akasema kama nataka mapambo nikatafute kazi kwenye kumbi za harusi. Mzee mmoja wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa."

Mama Kadi alitabasamu, kama mtu mzima anavyomtabasamia kijana aliyechanganya mambo. Alikuwa na miaka sitini na sita. Nguo zilikuwa zimewahi kurudi kwake kwa kuchelewa, kwa kukosa kifungo, na moja kwa kunuka samaki. Kwa rangi, hata siku moja.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Nikuonyeshe."

Watu walimwita Mama Kadi kwa sababu ya utaratibu wake wa kazi. Hakupeleka nguo ya mteja dukani kutafuta uzi. Nguo ikipelekwa inashikwashikwa, inapigwa jua, inarudi imechoka. Yeye alichanganya rangi za maji kwenye kisahani mpaka zikafanana na nguo, akadondosha nukta moja kwenye kadi ngumu, ikakauka, na kadi ndiyo iliyokwenda dukani. Uzi ukipatikana, kipande chake kilifungwa kwenye kitundu pembeni mwa kadi, na nyuma yake akaandika ni rangi ya nini. Alianza akiwa na miaka kumi na minne, shangazi yake alipompa kijisanduku cha rangi kumi na mbili, na wakati huo hakuwa na mteja wala nia ya kuwa naye. Alipaka kila alichokiona: kutu ya bati, shingo ya jogoo, chai kabla ya maziwa na baada ya maziwa. Sasa kadi zilijaa masanduku kumi na tisa ya viatu chini ya kitanda. Mumewe alipenda kusema kwamba nyumba ikishika moto, mke wake ataokoa masanduku kwanza, kisha birika, kisha yeye, kama nafasi itakuwepo.

Basi alifungua kijisanduku chake, akalowesha brashi, akaanza kuchanganya. Bluu kwanza. Akaitazama, akatazama koti, akaongeza nyekundu kidogo. Akatazama tena, akaongeza nyekundu nyingine. Mkono wake haukusita hata mara moja. Alidondosha nukta kwenye kadi, akaipuliza, akaiweka juu ya koti, pale pasipo na kiraka.

"Umeona? Kama pacha."

Muuguzi aliinamia kadi. Alikuja na hasira aliyoiandaa njiani, sentensi kwa sentensi, na sasa ilikuwa imemponyoka. Nukta iliyokaa juu ya koti lake ilikuwa na rangi ya bilinganya.

"Mama," alisema taratibu, "hebu geukia dirishani." Akatoa simu yake, akawasha tochi, akamulika jicho la kulia, kisha la kushoto. "Mboni zako zina ukungu wa manjano. Huu ni mtoto wa jicho, na si wa juzi."

"Mimi nasoma gazeti. Natunga uzi kwenye sindano bila kusaidiwa."

"Sikusema huoni. Nasema rangi zinakufikia zikiwa zimechujwa." Alilikunja koti lake bila haraka. "Alhamisi kuna kliniki ya macho. Njoo mapema, uniulizie."

Alipoondoka, Mama Kadi alibaki ameishika kadi. Aliisogeza karibu na dirisha, akaipeleka kivulini, akairudisha. Ilikuwa bluu. Angeapa mbele ya hakimu.

*

Mumewe alirudi saa saba, amevaa sweta yake, kofia mkononi. Alikuwa mpeleka barua kwa miaka thelathini na moja, na sasa alipeleka maneno tu, kutoka benchi la bao mpaka nyumbani. Pale benchini walimwita Askofu. Jina hilo lilianza kama miaka miwili iliyopita, na Mama Kadi alilipenda. Alielewa kwamba wamempa kwa sababu ya sauti yake nzito na namna anavyowaamua wanapogombana juu ya kete.

"Mzee, hii nukta ni rangi gani?"

Alimtazama mkewe, akaitazama kadi, akamtazama tena. "Unaniuliza mimi?"

Swali lilikuwa halina maana, na wote wawili walilijua hilo. Mzee hakuwahi kutofautisha rangi tangu azaliwe. Nyekundu na kijani kwake zilikuwa kitu kimoja kilichovaa majina mawili. Wiki ya kwanza ya ndoa yao alikwenda posta na soksi ya kijani mguu mmoja na nyekundu mguu mwingine, na ofisi nzima ikamtania mpaka mwisho wa mwezi. Jioni ile bibi harusi alikaa na sindano, akatia mafundo madogo ndani ya ukosi wa kila nguo yake. Fundo moja nyeupe, mawili nyeusi, matatu bluu, manne kijani, matano kahawia. Tangu hapo mzee alivaa kwa vidole. Kuhusu nyanya zilizoiva, maua, na uzuri wa machweo, alimuuliza mke wake na kuamini alichoambiwa.

"Nesi amesema macho yangu yameharibika," alisema Mama Kadi. "Amesema nimemtia zambarau kwenye kiwiko."

Mzee aliketi. Alivuta mkono wa sweta yake, akautazama kwa muda, akaurudisha.

"Muulize binti," alisema.

"Binti anajua nini?"

"Muulize tu, mama."

*

Binti yao alikuwa dobi, mwenye kijiduka cha kufua na kupiga pasi mitaa miwili kutoka pale. Karibu nguo zote za kutililiwa zilipitia mikononi mwake kabla ya kufika kwa mama yake; koti la muuguzi lilikuja moja kwa moja. Aliingia jioni na kifurushi, kama kila siku: suruali nyeusi, shati jeupe, suruali nyeusi.

Mama Kadi alizitazama. Kwa muda mrefu alikuwa amelalamika kwamba watu wamekufa moyo, wanavaa nyeusi na nyeupe kama vile mji mzima umeajiriwa kwenye hoteli moja. Alikuwa amemwambia hata mwenye duka la nyuzi. Mwenye duka akainama kutafuta kitu chini ya kaunta.

"Nguo za rangi zinakwenda wapi?" aliuliza.

Binti aliweka kifurushi chini.

"Tangu lini?" mama akauliza tena, maana jibu la swali la kwanza alikwisha kuliona.

"Mwaka na nusu. Ile blauzi ya mwalimu, unaikumbuka? Uliitia uzi wa kijani. Niliufumua nikatia mwingine, nikashona vibaya, mwalimu akanyamaza kwa heshima yako. Baada ya hapo nikawa nawarudisha. Nawaambia mama ana kazi nyingi."

"Umewaambia nina kazi nyingi, na mimi nimekaa hapa nikitililia suruali za wahudumu."

"Ningekwambiaje, mama? Wewe ndiye uliyenifundisha rangi. Ningesimama mbele yako nikwambie kijani siyo kijani?"

"Ndiyo. Ungesimama."

"Niliogopa."

"Ukaona bora mtaa wote ujue, niwe wa mwisho."

Binti alianza kulia, na Mama Kadi hakumbembeleza. Aliona aibu. Alimfikiria mwenye duka la nyuzi akiinama chini ya kaunta, na mwalimu na blauzi yake, na wote waliompa pole ya kazi nyingi huku wakijua. Walimpenda, hilo hakulikataa, na ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu huwezi kugombana na mtu kwa kosa la kukupenda. Alijaribu hata hivyo, akagombana na binti yake kwa nusu saa nzima, kisha akasema haendi kliniki yoyote. Kulikuwa na mama mmoja mtaa wa pili aliyepasuliwa jicho, akatoka anaona kwa shida kuliko alivyoingia.

"Nikibaki hivi, nina nusu," alisema. "Wakikosea, sina kitu. Mimi bila macho ni nani katika nyumba hii?"

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake muda wote. Hakusema aende wala asiende.

*

Asubuhi, mumewe alipokwenda benchini, Mama Kadi aliburuta sanduku moja la viatu kutoka chini ya kitanda, akalipeleka uani kwenye mwanga. Hakuwa na mpango. Alitaka kukaa na vitu vyake.

Alitoa kadi baada ya kadi. Nyingine zilimjibu kama zamani, hasa nyekundu na manjano. Hizo zilikuwa marafiki wasiobadilika. Nyingine zilikuwa zimepooza. Akafika kwenye moja yenye nukta ya kahawia, rangi ya masalia ya chai, na uzi wa kahawia pembeni. Akaigeuza asome nyuma ni kahawia ya nini.

Ilikuwa hati yake mwenyewe, ya alipokuwa na miaka ishirini na mbili, herufi zikiwa na mikia mirefu ya majivuno: *Zambarau. Ua la mtaroni nyuma ya posta, siku aliponipa barua mkononi badala ya kuitia sandukuni.*

Aliigeuza mbele. Kahawia. Akaigeuza nyuma. Zambarau.

Rangi za maji hupauka, alijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini kadi ilikuwa imekaa gizani miaka yote, na uzi wa sufu nao haukuwa umepauka, ulikuwa kahawia vilevile. Akatafuta kadi ya kahawia ya kweli, ile ya mlango wa nyumba ya shangazi, akaziweka pamoja mapajani. Hakuona tofauti yoyote. Ua lile alilikumbuka vizuri kabisa. Angeweza kulichora akiwa amefumba macho. Akiyafumbua ndipo lilipotea.

Alikaa hapo mpaka jua likamfikia miguuni. Muuguzi angeweza kukosea, binti angeweza kukosea. Msichana wa miaka ishirini na mbili mwenye kadi hakuwa na sababu ya kumdanganya.

Binti alipopita saa sita kuona kama bado amenuniwa, alimkuta mama yake anapiga mswaki viatu vyake vya kutokea.

"Alhamisi ufunge duka asubuhi," Mama Kadi alisema bila kuinua kichwa. "Na bado nina hasira na wewe."

"Sawa, mama."

*

Kliniki ilikuwa na benchi refu la mbao na watu arobaini juu yake, wanasogea kwa makalio kila jina linapoitwa. Karani aliyejaza fomu aliongea na binti peke yake.

"Umri wake? Anaishi na nani? Anatembea mwenyewe?"

"Muulize," binti alisema. "Yuko hapa."

Karani alikuwa amekwisha kupita mstari wa kazi na kuandika *mama wa nyumbani*. Mama Kadi alilisoma hilo kichwa chini miguu juu, kutoka upande wa pili wa meza.

"Mwanangu, hapo umekosea."

"Ni fomu tu, bibi."

"Kama ni fomu tu, haitakuuma ukiifuta. Andika fundi wa kulinganisha rangi."

Watu wa mbele kwenye benchi waligeuka. Karani alifuta kwa kalamu, akaandika juu yake kwa herufi ndogo za kisirani.

Daktari alikuwa mtu mwenye haraka lakini si mkali. Alimpima kwa herufi za ukutani, naye akazisoma zote mpaka mstari wa sita. Daktari akaandika.

"Anaona vizuri kwa umri wake," alimwambia binti. "Ukungu upo, lakini hapa tuna watu wanaoingia wameshikwa mkono. Arudi mwakani tumtazame."

Binti alifungua mdomo, na Mama Kadi akamgusa goti.

"Daktari, sikuja kwa ajili ya herufi." Akafungua pochi yake, akaweka kadi mbili juu ya faili. "Hii niliipaka Jumatatu kulinganisha na koti la nesi wako. Ni rangi gani?"

"Zambarau."

"Mimi naona bluu iliyokolea. Na hii ya zamani?"

"Zambarau pia."

"Hii naona kahawia. Zote ni zambarau, zote nimezipaka mimi, na mimi sioni zambarau hata moja. Miaka hamsini na mbili nimefanya kazi hii. Ukiniambia nirudi mwakani nitarudi, lakini mwaka huu wote nitakuwa nawaharibia watu nguo, au nitakaa bure. Wewe ndiye utakayechagua."

Daktari aliichukua kadi ya zamani. Aliigeuza, akasoma nyuma, labda zaidi ya alichohitaji kusoma. Kisha akaivuta fomu karibu, akasoma mstari wa kazi, ule uliofutwa na ule ulioandikwa juu yake.

"Wiki tatu," alisema. "Jicho la kulia kwanza."

*

Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi kuliko foleni yake. Kilichokuwa kirefu ni usiku ule, macho yote mawili yakiwa yamefungwa kitambaa ili la kulia litulie, akiwa amelala chali kwenye wodi ya watu wasioonana, akijiambia kwamba kama giza hili ndilo la kudumu, basi angalau ua la mtaroni analo kichwani.

Asubuhi muuguzi mwenye koti ndiye aliyekuja kufungua. Alibandua plasta taratibu.

"Fumbua, mama. Usikimbilie."

Kitu cha kwanza kilikuwa ukuta. Ulikuwa mweupe, na weupe wake ulikuwa na ubaridi ndani, chembe ya samawati ambayo Mama Kadi alikuwa amesahau kwamba nyeupe huwa nayo. Machozi yalimtoka, na muuguzi akamkataza kuyafuta kwa mkono. Kisha akaliona koti, na kiwiko chake, ambako mtu mwingine alikuwa ametililia kwa uzi wa bluu sahihi na kwa mkono mbaya sana.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe."

"Niletee nitengeneze. Hiyo inatia aibu kuliko yangu."

Muuguzi alicheka, akamshika mkono, akamtoa nje. Kwenye korido binti alikuwa amesimama dirishani anaongea na simu. Mzee alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kofia magotini, amevaa sweta yake. Ilikuwa sweta nene, mikono mirefu, aliyofumiwa na mkewe miaka miwili iliyopita kwa majira ya baridi. Uzi aliutafuta Mama Kadi mwenyewe kwa kadi, na akaimaliza kwa siku kumi na mbili.

Mama Kadi alisimama.

Alifumba jicho la kulia, lile jipya, akatazama kwa la kushoto. Kahawia. Akafumba la kushoto, akatazama kwa la kulia. Zambarau, zambarau ya kupiga kelele, kuanzia ukosi mpaka kiunoni, juu ya mzee wa miaka sabini na mmoja. Alirudia mara ya pili, na mara ya tatu. Ndipo jina la benchini lilipomwingia akilini, pamoja na kanzu za zambarau za maaskofu.

Alikwenda akaketi karibu naye. Mzee alimtazama usoni, akisubiri.

"Unaona?"

"Naona." Alishika mkono wa sweta, akausugua kati ya vidole viwili. "Ndiyo maana wanakuita Askofu."

Mzee alikohoa kidogo. "Ndiyo maana."

"Walikwambia lini?"

"Siku ya kwanza. Kabla sijakaa."

"Binti alijua?"

"Alitaka kukwambia siku ileile. Mimi ndiye niliyemkataza, kwa hiyo usimwonee."

"Miaka miwili, mzee. Kanisani, sokoni, msibani. Umevaa hii mpaka msibani."

"Ina joto."

"Kwa nini hukunirudishia?"

Mzee alionekana kushangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaitikia akiitwa.

"Ulinipa ukaniambia ni ya kahawia," alisema. "Miaka arobaini na mbili, lini nimebishana na wewe juu ya rangi?"

Mama Kadi alipeleka mkono nyuma ya shingo ya mumewe, akaupindua ukosi, akayatafuta mafundo kwa ncha ya kidole. Yalikuwepo, matano, yamekazwa vizuri. Zambarau haikuwa na hesabu yake. Mzee hakuwahi kuwa na nguo ya rangi hiyo.

"Tukifika nyumbani nitayafumua," alisema. "Nitie sita."

"Yaache," mzee alisema, na akainama kidogo ili mkono wake usichoke pale shingoni. "Utanichanganya."